Eka zangu tatu za Chunya

Mwaka 2013 nilikuwa namiliki karibu eka tatu za pori la Chunya, na Chunya nzima hakuna aliyejua. Hesabu yenyewe niliipiga ndani ya treni, London, nikitoka zamu ya usiku. Kampuni ilikuwa na leseni ya kutafuta dhahabu yenye kilomita za mraba 78. Hisa zake zilikuwa milioni 410, na mimi nilikuwa nazo 60,000. Zidisha, gawanya, unapata hekta moja na ushee. Najua mwenye hisa hamiliki ardhi wala leseni, anamiliki kampuni tu, tena kipande kisichoonekana kwa macho. Lakini nimesoma shule ya msingi Makongolosi, nikitembea peku kwenye pori lilelile. Raha niliyoipata usiku ule siwezi kuieleza.

Tulikuwa wanne. Mimi, mhasibu mmoja wa Kisumu, muuguzi wa Bulawayo na Mghana aliyekuwa akiendesha basi. Tulianza kuchangia maoni, baadaye kila mtu na pesa yake, kwenye hisa za kampuni ndogo za madini zenye miradi Afrika. Nyingi zilikuwa kwenye soko la AIM, lile la kampuni changa lililoanzishwa mwaka 1995 pembeni ya soko kuu la London. Hisa zinauzwa kwa peni chache, na ndiyo mtego wake: mtu akinunua hisa elfu sitini anajiona tajiri, wakati ametoa pauni 2,400.

Mhasibu wetu ndiye aliyetufundisha kuzipima. Yeye dhahabu haikumshughulisha kwanza. Alikuwa anafungua ukurasa wa fedha, anatafuta kampuni imebakiwa na shilingi ngapi benki (alisema shilingi hata kwa pauni), anagawanya kwa matumizi ya mwezi. "Hii ina miezi tisa," alisema kuhusu kampuni yangu. "Baada ya hapo watachapisha hisa mpya, na wewe utabaki na sufuria ileile ya ugali, watu wameongezeka." Kampuni ya namna hii haiuzi kitu. Inatafuta. Mshahara wa wakurugenzi, mafuta ya mtambo, maabara, kodi ya leseni, vyote vinatoka kwa wenye hisa, na vikiisha wanarudi kwa wenye hisa.

Nilimsikiliza, kisha nikanunua hivyo hivyo. Sababu yangu ilikuwa shimo namba 14.

Shimo hilo, jembamba, la kuchorongwa kwa mtambo ili kutoa sampuli za mwamba, lilitangazwa sokoni mapema mwaka ule: mita 3 zenye gramu 21 za dhahabu kwa tani moja ya mwamba, kuanzia mita 94 ndani ya shimo. Asiyejua madini aelewe hivi: kuna migodi mikubwa ya shimo la wazi inayoendeshwa kwa faida ikipata gramu moja na kitu kwa tani. Gramu 21 ni namba ya kumtoa mtu usingizini. Mashimo mengine waliyochoronga yalikuwa ya kawaida, gramu mbili, gramu moja, mengine patupu. Lakini nani aliyatazama? Na kwenye slaidi zao kulikuwa na picha ya barabara ya vumbi, miombo, na kichuguu kimoja kikubwa ambacho niliapa kwamba nakijua.

Kwenye slaidi hizohizo waliandika kwamba eneo lina mto wenye maji. Hapo nilicheka. Mto ule kufika Septemba ni mchanga, watu wanachimba visima katikati yake. Nilipaswa kujiuliza, kama hili wamelipamba, lipi lingine? Sikujiuliza. Nilijiona nimewazidi wawekezaji wote wa London kwa sababu mimi ni mtoto wa pale.

Halafu ikaja Aprili. Dhahabu, iliyokuwa imepita dola 1,900 kwa wakia Septemba 2011, ilianguka karibu dola 200 ndani ya siku mbili za soko, na kufika Juni ilikuwa inachezea 1,200. Hisa yangu niliyoinunua kwa peni 4 ikawa 3, ikawa chini ya 3. Agosti serikali ya Uingereza ikaruhusu hisa za AIM ziingie kwenye zile akaunti za akiba zisizotozwa kodi, na Mghana wetu akashauri tuongeze, maana bei iko chini na kodi hakuna. Nilikuwa na likizo Oktoba. Nikawaambia wanisubiri, nitakwenda kuliona shimo.

Njia ya Mbeya kwenda Chunya inapanda mlima mpaka Kawetire kwenye baridi na misonobari, kisha inateremka kwenye joto. Lami ya kwenda Makongolosi ilikuwa bado ndoto. Kilomita 40 hivi kutoka Chunya mjini nilizimaliza nyuma ya pikipiki, na mjomba aliponipokea alinipiga mgongoni vumbi likatoka kama la gunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Ulaya hawakulishi?"

Mjomba alikuwa amechimba Lupa tangu ujana. Dhahabu ya huko imechimbwa tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920 na 1930, na yeye alikuwa akisema wazungu wale waliondoka na iliyo juu wakaacha iliyo chini, kila mwaka anasema hivyo. Nilimweleza shida yangu. Alipouliza nimeweka ngapi, nikapiga hesabu ya haraka: milioni sita na kitu.

"Milioni sita? Kwa karatasi?"

"Hata karatasi sina, mjomba. Iko kwenye kompyuta."

Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kutafuta kofia.

Kambi ya kampuni tuliikuta ina mlinzi mmoja na mbwa. Mtambo wa kuchoronga ulikuwa umeondoka tangu Mei. Masanduku ya sampuli yalipangwa chini ya turubai, mengine yameliwa na mchwa. Mlinzi alikuwa mtoto wa jirani ya mjomba, hakuwa na neno. Nilikuwa nimebeba kurasa za mwisho za taarifa ya kampuni, zile za jedwali ambazo hakuna anayezisoma: namba ya shimo, alama zake za ramani, mwelekeo, mwinamo, urefu. Shimo namba 14: kuelekea magharibi, mwinamo digrii 60, mita 110.

Tulilipata kwa simu yangu na kwa macho ya mjomba, zaidi macho ya mjomba. Bomba la plastiki, upana wa kikombe, limetoka ardhini kama futi moja na nusu, juu limezibwa kwa saruji, na kwenye saruji mtu ameandika 14 kwa kijiti kabla haijakauka. Bomba lilikuwa limelalia mashariki. Shimo la kuchoronga likiinama hivyo juu, ujue huko chini linakwenda upande wa pili. Nikageuka kutazama magharibi, na hapo nikaona nguzo fupi ya zege ndani ya majani.

"Ile nini?"

"Bikoni," mjomba akasema. "Alama ya mpaka. Ya leseni ya Mama, mchimbaji wa hapa."

Leseni ndogo za uchimbaji, zile zinazoitwa PML, kwa sheria ya mwaka 2010 ni za Watanzania tu, na haizidi hekta 10. Kampuni ikipewa eneo kubwa la utafutaji, leseni ndogo zilizotangulia zinabaki za wenyewe, kama matundu kwenye shuka. Kwenye ramani ya kampuni shuka lilikuwa limepakwa rangi moja ya njano, halina tundu hata moja.

Nilihesabu hatua kutoka kwenye bomba mpaka kwenye mstari wa bikoni na bikoni ya pili aliyonionyesha mjomba. Arobaini. Nikarudi nikihesabu tena. Arobaini. Hatua zangu fupi, tuseme mita 32. Nikakaa juu ya jiwe nikatoa risiti ya basi. Shimo lenye mwinamo wa digrii 60, kila mita mbili unazochoronga zinakusogeza mbele mita moja. Ukifika mita 64 uko chini ya bikoni. Ukifika mita 94, kwenye zile gramu 21 zilizonitoa usingizini, umeshavuka mpaka, uko mita 15 ndani ya kwa Mama.

Sikuwa mpimaji, na bikoni huhamishwa, hilo kila mtu Chunya anajua. Nilijiambia hivyo tukiwa njiani kwenda kwa mwenyewe.

Mama alikuwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kilemba kimejaa unga wake. Alikuwa na maduara matatu, yaani mashimo ya kuchimbia, moja tu ndilo lililokuwa likifanya kazi. Mengine mawili yalijaa maji na pampu ilikuwa imekufa. Alitusogeza mbali na kelele. Alisema watu wa kampuni walikuja kwake miaka miwili iliyopita, wakakaa chini ya mti, wakafungua ramani, wakaahidi kurudi na karatasi za makubaliano. Hawakurudi. Uliorudi ni mtambo.

"Siku ile wanachoronga, vijana walikuwa duarani, mita thelathini na tano. Wakatoka mbio. Wanasema kuna mtu anagonga kutoka chini." Akacheka, kisha akaacha. "Nikawaambia rudini, hakuna shetani anayetumia dizeli."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika risiti ya basi mkononi.

"Na wewe mwanangu, wewe ni wa kampuni?"

"Hapana, mama. Mimi mtoto wa hapa."

Nilimwonyesha zile hesabu. Alizielewa upesi kuliko nilivyozielewa mimi, maana chini anakujua. Aliuliza swali moja tu: kwenye karatasi zao za London wameandika ni kwao? Nikamwambia hawakuandika popote kwamba ni kwao, wala hawakuandika kwamba si kwao. Wameandika alama za ramani, mwelekeo na mwinamo. Kila kitu kipo, nyuma kabisa, kwa herufi ndogo.

Niliporudi London niliiandikia kampuni barua pepe. Walijibu kwa adabu: mazungumzo na wenye leseni za jirani yanaendelea vizuri. Kwa hiyo walijua. Sikuona kama wamesema uongo, na mpaka leo siwezi kusema hivyo. Rangi ya njano tu ndiyo iliyosema.

Tulikutana nyumbani kwa mhasibu, Ilford. Nilidhani nikimaliza kueleza wote watauza. Mhasibu akanishangaza.

"Sasa wewe, si hiyo ndiyo habari njema? Dhahabu iko. Mpaka ni wa karatasi, mwamba hauna mpaka. Watamnunua huyo mama, au ikija kampuni kubwa itanunua wote wawili."

Haikuwa hoja ya kijinga. Niliijibu kwa hesabu yake mwenyewe ya miezi tisa, ambayo sasa ilikuwa miwili au mitatu. Watamnunua kwa pesa gani? Watachapisha hisa. Na kadiri shimo namba 14 linavyokuwa zuri ndivyo bei ya Mama inavyopanda, kwa hiyo tangazo lile tulilolishangilia sisi lilikuwa linamtajirisha yeye. Kati ya watu wote waliokuwa na maslahi kwenye zile mita 3, aliyekaa vizuri kuliko wote alikuwa yule mwenye pampu mbovu. Muuguzi akasema basi tungenunua pampu. Tulicheka, lakini mjomba alikuwa ameniambia hilohilo stendi, wala yeye hakuwa anatania.

Niliuza kwa peni 2.6. Pauni 1,560, kabla ya ada ya dalali. Mhasibu alibaki. Mwaka uliofuata kampuni ilitoa hisa mpya kwa peni 1, nyingi kuliko zote zilizokuwepo, na sikumuuliza tena.

Mjomba alinipigia simu kabla ya Krismasi. Mtandao ulikuwa unakatika, akawa anapiga kelele kama yuko duarani. Kampuni ilikuwa imemrudia Mama, safari hii na mwanasheria kutoka Dar, na Mama amekataa kusaini mpaka afisa madini aje kupima. Anauliza yule mtoto wa hapa anakuja lini, asimame mbele ya afisa, azihesabu tena zile hatua arobaini.

Nilimwambia mjomba sina likizo. Ilikuwa kweli. Na hisa nilikuwa nimeshauza.