Mvule Ulioitwa Iroko

Januari 1994, nikiwa sijamaliza mwaka London, nilipata kibarua katika yadi ya mbao kando ya mfereji wa Regent, mali ya familia iliyoendesha biashara hiyo kwa kizazi cha tatu. Pale kila mtu aliitwa kwa jina lake, hata mwenye mali, lakini mimi niliyelelewa Tanga sikuweza kumtaja mtu wa miaka sabini kwa jina kavu, nikawa ninamwita Mzee, naye akaridhika.

Jumamosi moja tulikuwa tukihesabu mali ya ghalani. Nilipewa rundo la mbao za kahawia zilizoandikwa kwa chaki "iroko", neno nisilolijua. Nilipokata ncha ya ubao wa kwanza, kwa kuwa ilikuwa imepasuka na isingefaa kupimiwa, nilipiga chafya mara tatu, kisha msumeno ukakwaruza kitu kigumu kama jiwe. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Marehemu baba, aliyekuwa seremala, alitufunga vitambaa puani kila alipopasua mvule, na hakuchoka kututahadharisha juu ya mawe meupe yanayojificha ndani yake na kuvunja meno ya msumeno. Iroko ni jina la Kiyoruba. Mti ni uleule.

Nilipomweleza Mzee, aliingia ofisini akarudi na madaftari ya babu yake, mwanzilishi. Nilitarajia kuukuta mvule tangu kurasa za mwanzo, lakini haukuwamo. Familia ile iliinuliwa na msonobari wa Sweden, Finland na Urusi, uliohesabiwa kwa standadi ya Petersburg, yaani futi za ujazo 165, ukashushwa Surrey Docks, gati za London, na wapagazi waliobeba mbao begani wakiwa na kofia za ngozi zilizowakinga kichwa na shingo, kisha ukaletwa kwa matishari hadi mlangoni pao. (Vipimo vyao vilinichekesha: waliotuachia futi na inchi walikuwa wamehamia kwenye mita, ila urefu wa mbao waliuongeza kwa milimita 300 kila hatua, futi ileile iliyobadilishiwa kanzu, na ubao ambao sisi huuita mbili kwa nne, wao waliuita nne kwa mbili.)

Mzee alikawia kwenye ukurasa wa Septemba 1940. Tarehe 7 ya mwezi huo ndege za Kijerumani zilizishambulia bandari za London, na marundo ya mbao ya Surrey Docks yakawaka usiku kucha, shehena ya babu yake ikiwamo. Babu hakuandika neno la majonzi. Aliandika idadi ya standadi, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Mvule ulijitokeza miaka kadhaa baada ya vita, ukinunuliwa badala ya msaji uliokuwa ghali, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi wa meza za maabara za shule.

Mzee aliniomba nimtajie tena jina la kwetu, akaliandika kwa penseli kwenye karatasi ya hesabu ya siku ile, kando ya iroko. Herufi alizoziandika hazikufanana kabisa na nilichotamka. Sikumsahihisha, maana rundo zima la msonobari lilikuwa bado halijahesabiwa, na jua la Januari huko huzama saa kumi jioni.