Moshi Iliyotumwa Mbali

Postikadi ni kitu kilichochapwa ili kiondoke. Mgeni aliyeinunua mjini Moshi miaka mia moja iliyopita hakukusudia kuiweka sandukuni mwake; aliandika mistari michache nyuma yake, akabandika stempu na kuikabidhi posta, nayo ikashuka kwa treni hadi Tanga, ikavuka bahari na kumfikia mama, mchumba au rafiki aliyekuwa akiisubiri Ulaya. Ndiyo sababu picha nyingi za zamani za mji wetu haziko hapa. Zimo katika albamu na madroo ya watu ambao hawajawahi kuuona mlima wetu, Kilimanjaro, na baadhi yao huziuza kwa ajili ya stempu tu. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikizirudisha moja moja, na leo ninazo arobaini na moja. Ninaamini kwa dhati kwamba kadi hizi ni kumbukumbu ya kweli ya mji, ila zinahitaji kusomwa na watu wa mahali penyewe, kwa kuwa aliyepiga picha na aliyeandika maelezo chini yake mara nyingi walijua machache sana kuhusu kilichokuwa mbele ya macho yao.

Kadi ya kwanza niliipata kwa njia ya intaneti kutoka kwa muuzaji wa vitu vya kale nchini Ujerumani, na gharama ya kuisafirisha ilizidi bei yake. Inaonyesha ngome yenye kuta nene iliyojengwa juu ya kilima, migomba ikiizunguka, na chini yake kuna maneno mawili tu: Moschi, Boma. (Neno boma ni letu, Wajerumani walilichukua kama lilivyo wakaliandika hata kwenye ramani zao.) Jumamosi mbili mfululizo nilizunguka mjini na nakala ya kadi hiyo mkononi, nikianzia Barabara ya Boma, nikiamini kwamba nikipata pembe sahihi nitaona walau msingi wa ngome ile. Sikuona kitu. Mji wetu umekaa mahali palipo karibu tambarare, ilhali picha ilikuwa ya mteremko mkali, na jambo hilo peke yake lilipaswa kunifungua macho mapema.

Nilirudi nyumbani nikaigeuza kadi, kwa maana umri wa postikadi husomwa nyuma. Hadi mwaka 1905 posta ya Ujerumani haikuruhusu ujumbe kuandikwa upande wa anwani, ndiyo maana katika kadi za kabla ya hapo salamu zimebanwa pembezoni mwa picha yenyewe, mara nyingine zikapita hata juu ya anga. Kadi yangu ina mstari unaogawanya upande wa nyuma, kushoto ujumbe na kulia anwani, kwa hiyo ni ya 1905 au baadaye. Stempu yake ni ya kijani, ya heller 4, yenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari. Heller nazo, sarafu ndogo za koloni, zilichukua nafasi ya sarafu za zamani zilizoitwa pesa katika miaka hiyohiyo, rupia moja ikawa heller 100 badala ya pesa 64. Muhuri wa posta umefutika nusu, lakini herufi za tahajia ya Kijerumani zinasomeka bado. Majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916, na baada ya hapo stempu za Kaisari zilikoma; kuanzia 1922 barua za Tanganyika zilibeba kichwa cha twiga. Basi kadi ilitumwa kati ya 1905 na 1916. Ninasema ilitumwa, kwa kuwa picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi: kadi huweza kukaa dukani miaka mingi kabla ya kumpata mnunuzi, na anayechukua tarehe ya muhuri kuwa ndiyo tarehe ya picha atapotea.

Aliyenionyesha ngome ilipokuwa ni mzee mmoja wa Old Moshi, ambaye nilipelekwa kwake na mfanyakazi mwenzangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea kadi kwa mikono miwili. Hakuchukua hata dakika moja. “Mjukuu wangu,” aliniambia, “wewe umeitafuta Moshi chini, nayo wakati huo ilikuwa huku juu.” Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika uwandani mwaka 1911, na mji tunaouita Moshi leo ulikua kuizunguka stesheni, Wajerumani wenyewe waliuita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya. Jina lilishuka mlimani pamoja na ofisi, na mahali pa asili pakabaki na sifa ya ukale. Kwa hiyo kadi yoyote ya kabla ya 1911 yenye jina la Moshi ni ya huko juu, na hakuna mtaa wa mjini utakaofanana nayo hata mtu azunguke mwaka mzima.

Kisha mzee alivua miwani, akaisogeza kadi karibu kabisa na uso, akaweka ukucha wake juu ya mstari mwembamba uliokatiza mteremko nyuma ya ngome. Mstari huo nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani ni njia ya miguu. “Njia haiendi hivi,” alisema. “Njia inapanda na kushuka, inafuata haraka za watu. Huu umelala ubavuni mwa mlima kama uzi. Huu ni mfongo.” Mifongo ni mifereji ambayo koo za Wachagga zimeichimba kwa vizazi vingi ili kutoa maji makorongoni na kuyafikisha kwenye migomba na mashamba, kila mmoja ukiwa na wazee wake wa kuusimamia na zamu zake za kugawana maji. Kuuchimba kunahitaji jicho kali, kwa maana mwinamo ukizidi maji yanabomoa kingo, na ukipungua maji yanatuama. Mpiga picha alitaka kuwaonyesha watu wa kwao ngome ya Kaisari. Bila kujua akahifadhi kazi ya mikono ya watu waliokuwapo pale kabla ya ngome hiyo kufikiriwa. Tangu siku ile huwa ninaanza kuzitazama kadi zangu pembeni na nyuma, na kitu kilichowekwa katikati ninakiacha kwanza.

Hapohapo Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapo, pamoja na wenzake, na kwa miaka mingi familia yake imekuwa ikilitafuta fuvu lake katika makumbusho ya Ujerumani. Kadi yangu ilichapwa miaka michache tu baada ya siku hiyo. Aliyeituma anaandika kwamba hewa ni nzuri na usiku ni baridi kama kwao. Simlaumu kwa kuisifu hewa yetu, lakini kila ninapoisoma mistari hiyo ninapata shida kuirudisha kadi mahali pake.

Arusha imebahatika zaidi katika jambo hili, kwa sababu Boma lake, lililojengwa kwenye mwaka 1900, bado limesimama na sasa ni makumbusho. Mwenye kadi ya Boma la Arusha anaweza kwenda na kujipima mwenyewe.

Mlima ndio uliochapwa kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo makosa yalipo mengi. Mtu aliyesimama Moshi akiutazama mlima anaona kilele cha Kibo kushoto kwake na kile cha Mawenzi kulia. Akiutazama kutoka Amboseli, upande wa Kenya, mambo hugeuka. Ninayo kadi ya tembo wakitembea chini ya Kilimanjaro, iliyoandikwa Tanganyika kwa herufi kubwa, na Mawenzi iko kushoto. Mpiga picha alisimama Kenya, na mtoto yeyote wa mtaa wetu wa Pasua angemwambia hivyo. Kadi nyingine ina paa za mji wetu chini ya mlima, na bado Mawenzi imekaa kushoto. Hiyo ilichapwa kinyume, na ukiisoma kwa kioo kila kitu kinarudi mahali pake. Kuhusu barafu inabidi kuwa mwangalifu zaidi. Vipimo vya 1912 vilionyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12, na tangu wakati huo zaidi ya asilimia 80 imetoweka, kwa hiyo ni rahisi kuiinua kadi ya zamani na kusema: tazameni tulichopoteza. Hata hivyo, sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba baada ya mvua Kibo inaweza kuamka imejifunika theluji hadi chini, na kwa siku mbili tatu ikafanana na ile ya babu zetu. Kadi isiyotaja mwezi haiwezi kutoa ushahidi huo peke yake.

Katika kadi zote arobaini na moja hakuna hata moja yenye jina la mtu wa hapa. Mlima umetajwa, hoteli imetajwa, stesheni imetajwa. Waliobeba mizigo, waliochuma kahawa na waliosimama mlangoni wameandikwa kabila lao tu, au hawakuandikwa kabisa. Njoro, Majengo na Kiboriloni hazimo, kwa kuwa mgeni hakununua picha za mitaa hiyo.

Mwaka jana nilimpelekea mama mmoja wa Majengo, fundi cherehani aliyestaafu, kadi ya rangi ya mtaa wa maduka mjini. Ina stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye sura ya Malkia Elizabeth, kwa hiyo ilitumwa katika miaka ya 1950 au muda mfupi baadaye. Nilitaka anisaidie kuyatambua maduka. Hakuyatazama maduka wala magari yaliyopangwa mbele yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa kulia, penye kivuli cha baraza, ambapo panaonekana nusu ya gurudumu la cherehani na goti la mwanamume aliyevaa suruali nyeupe. Sehemu yake iliyobaki ilikatwa na kiwanda kilichochapa kadi. Akasema baraza lile ndilo alilokuwa akikaa baba yake, kwa ruhusa ya mwenye duka la vitambaa, na kwamba yeye akiwa msichana mdogo alikuwa akimpelekea chakula cha mchana hapo. Nilimuuliza kama ana hakika kuwa goti ni la baba. Alifikiri kwa muda, akajibu kwamba mafundi walikaa wawili, lakini cherehani iliyokuwa upande wa barabara ilikuwa ya baba.

Nilimwachia nakala, naye ameibandika ukutani karibu na kalenda. Nyuma ya nakala yangu nimeandika kwa penseli jina la baba yake, jina la fundi mwenzake, na kazi waliyoifanya pale barazani: kaptula za shule, kanzu, na kupunguza makoti ya mitumba.