Inakwenda kwa nani?

Tangu Jumatatu kuna swali limekaa kichwani mwangu na halitaki kuondoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeingia nalo Kidato cha Pili kufundisha ramani mpaka mtoto wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Siumwi. Nimeulizwa tu swali, na jibu nililolitoa sikulipenda.

"Sasa mama, hii inakwenda kwa nani?"

Aliyeuliza ni kijana wa dirishani, katika posta moja ndogo miguuni mwa Mlima Kilimanjaro. Jina la posta naliacha, kijana wa watu asije akasumbuliwa kwa ajili yangu. Tulikuwa tumepanda huko kumwoza mtoto wa Da Mkubwa, harusi ikafana, ndafu ikaliwa, wazee wa pande zote mbili wakaelewana kuliko tulivyotarajia. Jumatatu asubuhi, kabla ya basi la kurudi Tanga, nikawaambia nina shughuli ya nusu saa. Baba Salma alijua shughuli gani. Alinitazama tu, akashika mabegi.

Kwenye mkoba nilikuwa na kadi mbili za mlima, picha ileile: Kibo alfajiri, theluji ina rangi ya waridi, mawingu yamejifunga chini kama kanga. Nilizinunua Arusha miaka mingi nyuma, nikazitunza ndani ya daftari zisipinde. Juu ya kila moja, upande wa picha, kwenye kona ambako mbingu ni tupu, nilikuwa nimebandika stempu ya Kilimanjaro. Kilichobaki ni muhuri.

Wanaonisoma siku zote wanajua haya, ila wapo wapya. Kadi ya namna hii, ninayoikusanya, huitwa kadi maksimamu, na inataka vitu vitatu vikubaliane. Picha ya kadi na picha ya stempu ziseme kitu kimoja. Muhuri utoke mahali panapohusika na kitu hicho. Na tarehe ya muhuri iangukie wakati stempu bado ni halali, na ikikaribia siku stempu ilipotoka ni bora zaidi. Stempu ni moja tu, na inakaa upande wa picha. Kadi yenyewe isiwe stempu iliyokuzwa. Iwe picha iliyokuwapo duniani kwa maisha yake yenyewe, ikiwezekana kabla stempu haijazaliwa. Ndiyo maana mlima wangu sikuupeleka posta ya Tanga. Tanga una haki ya kugonga mkonge, bandari, reli. Mlima lazima ugongwe na mlima.

Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika tatu. Nayaandika yalivyokuwa, labda yakikaa hapa yatanipa nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba unigongee muhuri hapa, juu ya picha. Uguse stempu kidogo, sehemu kubwa ikae kwenye mbingu, isomeke."

Akaichukua. Akaigeuza nyuma, tupu. Akaigeuza tena mbele.

"Stempu umeibandika upande wa picha."

"Najua. Ndivyo inavyotakiwa."

"Sasa mama, hii inakwenda kwa nani?"

"Haiendi kwa mtu. Narudi nayo mwenyewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya."

Hiyo "haya" nayo imenitesa. Lugha yetu imeifanyia nini jamani hii haya? Haya ya kukubali, haya ya kukata tamaa, haya ya kumwambia mtoto aliyeng'ang'ania jambo lake, na haya nyingine kabisa, ile inayomshika mtu usoni. Nilitoka pale na ile ya usoni. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, mzee mmoja ana bahasha kubwa imefungwa kwa kamba, na wote walisikia kwamba mimi, mtu mzima, mwalimu, nimepeleka posta kitu kisichokwenda kwa mtu yeyote.

Kwenye basi nikamsimulia Baba Salma. Nikasema kijana kaniuliza, "Unampelekea nani?" Jioni nikamsimulia Mwalimu wa Kiswahili kwa simu, nikasema kijana kasema, "Hii haina mwenyewe?" Usiku ndipo nikashtuka kwamba kila nikisimulia, maneno yanazidi ukali, na kijana anazidi kuwa mtu mbaya. Hakusema hivyo. Alisema inakwenda kwa nani. Naapa ndivyo alivyosema.

Jumatano usiku nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikashusha albamu zote tatu, nikatoa kadi moja moja kwenye vifuko vyake, nikazigeuza nyuma. Kadi mia moja na arobaini na moja. Miaka yote hii nimezitazama mbele tu.

Nyuma ni tupu. Moja baada ya nyingine, tupu. Hata ya baba.

Ya baba mnaijua, ndiyo mama wa zote. Shamba la mkonge, mistari inakwenda mpaka upeo wa macho, na juu yake stempu ya senti tano ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ile ya mkonge katika seti iliyotoka Oktoba 1960. Muhuri wa Tanga, Aprili 1961. Baba alikuwa karani wa shamba, ndiye aliyechukua mfuko wa barua kwenda mjini, na mhasibu wa Kizungu aliyekuwa akizikusanya kadi hizi alimtuma agongeshe sita, akamwachia moja. Baba hakujua jina la kitu kile. Alijua tu kwamba picha, stempu na mji vyote vilikuwa vinasema mkonge, na mkonge ndio uliotusomesha. Aliitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nilikuwa nikiomba kuishika, ananiambia ninawe mikono kwanza.

Moja tu ndiyo iliyokuwa na neno nyuma. Ni ile ya Kreta ya Ngorongoro, yenye stempu ya shilingi kumi ya seti hiyohiyo ya 1960, nyati mbele na kreta nyuma yake, muhuri wa Arusha. Shilingi kumi kwa postikadi! Hakuna aliyekuwa akilipa hivyo kutuma salamu wakati ule. Thamani peke yake inakuambia kwamba aliyeitengeneza alifuata picha, hakufuata gharama ya posta. Lakini nyuma, kwa wino uliofifia, kuna mtu ameandika maneno matatu: "Huku mvua imeanza." Hakuna jina, hakuna anwani. Nimeimiliki kadi hii kwa miaka tisa na sikuwahi kujua kwamba ina maneno.

Nililia kidogo. Sijui nililia nini.



Jana, Alhamisi, baada ya Magharibi, nikaona bora nimalize. Nikatoa zile kadi mbili za mlima nizipangie nafasi kwenye albamu. Tangu Jumatatu nilikuwa sijazitazama, nilizirudisha ndani ya daftari nikiwa na hasira zangu. Nikawasha taa ya mezani, nikachukua lenzi.

Jamani.

Duara limekamilika, hakuna sehemu iliyofifia wala iliyojaa wino. Jina la posta unalisoma herufi kwa herufi. Siku, mwezi, mwaka, vyote vimesimama. Muhuri umegusa stempu pembeni tu, kiasi cha kuifunga na kadi, kisha ukatua kwenye mbingu juu ya Kibo, mahali nilipoonyesha kwa kidole. Na ya pili ni hivyohivyo, utadhani amepima kwa rula. Nina kadi niliyogongewa mahali pengine, sitapataja, kwa kishindo kama mtu anayepigilia msumari. Stempu ikapasuka, wino ukafunika uso wote wa twiga. Nimegongewa mihuri isiyosomeka kiasi kwamba mahali na tarehe, vitu viwili kati ya vile vitatu, vikapotea papo hapo, na kadi ikabaki picha iliyochafuliwa. Safi namna hii ninazo chache sana.

Ndipo nilipoanza kukumbuka yaliyofuata baada ya ile "haya". Sikuwa nimeyasahau, nilikuwa nimeyaruka. Alifungua droo, akatoa kitambaa, akafuta uso wa muhuri. Akagonga kwenye karatasi chakavu, akatazama, akafuta tena, akagonga tena. Akachukua gazeti, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya kadi. Kisha akainama kabisa, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, na wala hakugonga: alikandamiza, akashikilia, akainua taratibu. Akapuliza wino ukauke. Akanirudishia kwa mikono miwili.

Watu wanne kwenye foleni, na kijana akafanya hivyo mara mbili.

Nani alimfundisha? Hakuna. Aliona tu kwamba kwa mtu huyu jambo hili ni kubwa. Na lile swali, sasa nikilisikiliza tena bila watu nyuma yangu, ni swali la kazi. Barua ya ndani ina bei yake, ya nje ina bei yake. Karani lazima ajue kitu kinakwenda wapi kabla hajakigonga. Aliuliza "kwa nani" kwa sababu ndivyo watu wa kule na wa huku tunavyouliza. Mimi ndiye niliyelisikia kwa sikio jingine. Niliona aibu ya zile kadi mia moja na arobaini na moja kabla sijazigeuza.

Furaha niliyoipata jana ni ya kitoto, na siionei haya. Nimempigia Da Mkubwa saa tatu usiku kumwambia muhuri umesomeka. Akasema, "Muhuri gani?" Nikamwambia basi, lala.

Mnajua kadi ninayoiota. Siku Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, katika stempu mpya imo moja yenye mwenge juu ya Kilimanjaro, na usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa amepandisha mwenge na bendera kileleni kwelikweli. Stempu hiyo, juu ya postikadi ya Kibo ya miaka ya hamsini, na muhuri wa Moshi wa siku ileile. Kama alikuwapo karani aliyeigonga siku hiyo, namwombea awe alikuwa kijana wa aina hii, mwenye kitambaa na gazeti lililokunjwa.

Nimeamua ile kadi ya pili nisiiweke kwenye albamu. Naitia kwenye bahasha, naibandikia stempu nyingine mahali pake pa kawaida, na inakwenda kwake, dirisha la pili, posta ileile. Nataka aone kazi ya mkono wake chini ya taa nzuri. Jana usiku nikakaa kuandika nyuma yake. Nimeandika "Mwanangu," nikasimama. Jina sikumuuliza. Kuandika "asante kwa muhuri" naona ni kidogo, na kueleza yote ni barua nzima. Kwa sasa lina koma tu, linangoja.

Wino wa kalamu ukaisha, nikafungua droo ya Baba Salma kutafuta nyingine. Nikakuta pakiti yake ya dawa za presha. Ni ile tuliyoinunua kabla ya safari, na vidonge vyote kumi na vinne bado vimo. Kila asubuhi namuuliza kama amemeza, ananijibu ndiyo, huku ananitazama usoni. Hata milimani tulipokuwa, kila asubuhi, ndiyo. Nimerudisha droo kama ilivyokuwa. Yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, na sijui niingie nianze vipi.