Kodi ilipopanda, nikaenda kuipeleleza Unguja

Mwenye nyumba wangu aliponiambia kodi inapanda kuanzia mwezi ujao, sikubishana naye. Nilisema, "Sawa, bamkubwa," nikaenda kukata tiketi ya basi la Dar.

Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja Mombasa kwa wiki mbili. Huu mwaka wa tatu sijarudi. Nimepanga chumba ghorofa ya pili katika Mji wa Kale, na kazi yangu ya kutafsiri na kuhariri haidai zaidi ya meza, umeme na intaneti. Kila nilipolalamikia jambo, maji ya chumvi, tuktuk iliyoziba kichochoro, joto la Machi, hakukosekana mtu wa kuniambia: "Nenda Unguja wewe. Huko ndiko." Basi nikaenda nione huko ndiko kuna nini.

Nilivuka feri ya Likoni kwa miguu kabla jua halijachomoza, bure kama wavukavyo wote waendao kwa miguu, nikapandia basi upande wa pili. Lunga Lunga, mpakani, tulishushwa na mabegi yetu. Dada aliyeketi kando yangu alikuwa amesahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kwa nusu saa basi zima lilijua habari zake, mpaka jina la daktari aliyemdunga. Baada ya hapo ni mkonge wa Tanga, machungwa ya Muheza yakipenyezwa dirishani, Segera, Chalinze, kisha foleni ya kuingia Dar. Foleni ya Changamwe kwetu Mombasa ni cha mtoto. Nililala huko, asubuhi nikapanda boti. Saa mbili hivi za mawimbi, nikateremka bandarini Unguja na kutoa pasipoti tena, ingawa sikuwa nimetoka Tanzania. Zanzibar ina serikali yake, na inapenda uitambue mapema.

Kwa mgeni wa siku tatu sina ubishi: Unguja imeishinda Mombasa. Mombasa ina Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na sikuona jengo Unguja la kusimama mbele yake kwa ubabe. Lakini ukishatoka ngomeni, Mombasa haikushughulikii. Ina makontena ya kupakua Kilindini, ina shehena ya kupeleka mpaka Uganda, ina watu zaidi ya milioni 1.2 wa kuwatafutia riziki. Mji Mkongwe wa Unguja hukushika mkono tangu bandarini. Unapita mbele ya Beit el-Ajaib ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya 2020 na kuua watu wawili. Unapita Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani haohao walioizingira Mombasa tangu 1696 hadi 1698 mpaka Wareno wakashindwa. Unafika kanisa la Kianglikana, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na hapo maneno yanakwisha. Nilikaa kwenye benchi la nyuma kwa muda. Watalii walikuwa wakishuka vyumba vya chini wakicheka, wakipanda wamenyamaza.

Jioni njaa ilinipeleka kwa mama muuza urojo. Alichukua bakuli, akakata viazi, akavunja kachori kwa vidole, akatia bajia ndogondogo, akamwaga ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi, akamalizia kwa chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Nilipomwomba aongeze pilipili alinitazama machoni kwanza, kama anayepima uzito wangu. Akaongeza kijiko kimoja. Alikuwa sahihi. Mombasa tuna viazi karai na mbaazi kwa mahamri, na sizibadilishi kwa kitu chochote asubuhi. Lakini saa za jioni, urojo ule!

Aibu yangu niliipatia Jaws Corner, kijiwe cha kahawa na siasa katikati ya vichochoro.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nisaidie na kahawa."

Mzee alikuwa ameshika dele. Hakumimina. "Nikusaidie kuinywa?"

Baraza zima likacheka. "Mkenya huyu," akasema mmoja bila kuinua macho kwenye dhumna. Mzee akanifundisha kwa upole kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Sema 'naomba kahawa', mwanangu. Kahawa haisaidiwi." Nikaomba, nikapewa, na kashata juu yake.

Nilijaribu kujitetea. Nikawaambia kwamba mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mwaka 1928. Nilidhani nimewapata. Mzee akafikiri, akasema, "Basi wallahi walikuwa watu waungwana. Waliona wenyewe." Bibi jirani yangu kule Mvita, asemaye mato badala ya macho na mtele badala ya mchele, angekuwapo pale kahawa ingemwagika.

Siku ya tatu nikatafuta chumba, na hapo ndipo sura ya pili ya Unguja ilipofunguka. Dalali wa kwanza aliniuliza nataka kwa siku ngapi. Nikamwambia kwa mwaka. Akanitajia bei kwa dola. Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa Kiswahili cha polepole. Akarudia dola zake polepole vilevile.

Usiku ule nilihesabu milango ya kichochoro nilicholala. Ilikuwa 11. Saba ya hoteli na nyumba za wageni, miwili ya maduka ya vinyago, mmoja umefungwa kwa kufuli lenye kutu. Mmoja tu ulikuwa na kandambili za watoto kizingitini. Milango mizuri, sikatai, nakshi za maua na minyororo, misumari ya shaba inayong'aa. Ila kichochoro changu Mombasa, ambacho hakuna anayekipiga picha, alfajiri kinanuka mahamri. Kuna mtoto anayetumwa mbaazi akirudi anamwaga nusu, kuna hamali anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji na kupiga kelele za kupishwa, kuna sauti za chuoni ambazo hazijawahi kuniacha nilale baada ya alasiri. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyalalamikia. Mji Mkongwe umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na unastahili, lakini sehemu niliyolala mimi, baada ya saa nne usiku, ilikuwa na mlio wa viyoyozi tu.

"Kwani nani amekwambia watu wanakaa huku?" akaniuliza dalali wa pili, kijana mwenye vespa. "Watu wako Ng'ambo. Panda."

Tukapita Darajani. Daraja lenyewe halipo siku hizi, limebaki jina, kwa sababu lile hori lililoutenga mji wa mawe na Ng'ambo lilifukiwa zamani. Huku mawe, kule udongo na makuti. Huku wenye nacho, kule waliowatumikia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yakapinduka kweli: wenye majumba wengi wakaondoka, familia nyingine zikaingizwa humo, na Ng'ambo yakajengwa magorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Marefu, ya kijivu, yamejipanga kama treni zilizokosa reli. Vitabu vya watalii huyapita haraka. Mimi nilipoona nguo zimeanikwa kila roshani na wanaume wakisukuma pikipiki kuingiza ukumbini, moyo ulitulia. Nikatambua nilikuwa nimelinganisha visivyolingana. Mwenzake Mji wa Kale wa Mombasa, kwa maisha, ni Ng'ambo.

Bibi mwenye chumba alinikaribisha chai ya mchaichai kabla ya kunionyesha chochote. Akaniuliza nimesoma skuli gani, nimeoa au bado, na kama mama yangu anajua niko wapi. Chumba kilikuwa safi, upepo ukipita dirisha hadi dirisha, na kodi haikufika nusu ya ninayolipa. Nikauliza habari za umeme, maana ndiyo kazi yangu. Akacheka.

"Siku hizi upo. Lakini wewe ungetuona mwaka ule."

Alikuwa akisema mwaka 2008, ulipokatika umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha ukakatika tena Desemba 2009, miezi mitatu. Samaki wakauzwa siku hiyohiyo, maji yakapandishwa kwa ndoo. "Tulijuana sana wakati ule," alisema bibi, kama anayezungumzia harusi. Mimi Mombasa umeme ukizimika adhuhuri moja tu naandika malalamiko marefu kwenye simu.

Kilichonirudisha nyuma hakikuwa giza, wala hata kibali cha ukaazi, ambacho ni safari nyingine kabisa. Ni bibi kuniambia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Mombasa nalipa mwezi kwa mwezi, na mwezi mwingine nalipa tarehe 12, na bamkubwa hukohoa tu akipita mlangoni pangu. Kikohozi hicho nimekizoea. Thamani yake nilikuwa sijaipigia hesabu.

Nikamwambia bibi nitafikiri. Akanifungia visheti vya njiani kwenye gazeti, kana kwamba ameshajua jibu.

Njia ya kurudi sikumbuki mengi, nililala tangu Chalinze. Nilifika Mji wa Kale baada ya isha, bamkubwa akiwa barazani na redio yake.

"Haya, tueleze. Unguja vipi?"

"Nzuri, bamkubwa. Wana kahawa."

"Kahawa hata hapa ipo. Chumba umepata?"

Nikaketi, nikaweka begi, nikatoa kile kifurushi cha visheti katikati yetu. Akachukua kimoja.

"Ile kodi mpya," nikasema, "naomba unipunguzie hata kidogo."

Akaacha kutafuna, akanigeukia.

"Naomba?" akasema. "Loo! Kumbe ulifika kweli."