Siku Moja Maishani Mwangu: Kamelia za Udongo za Kutundika Ukutani

Saa 11 alfajiri. Kazi ya kwanza ni kusoma kipimajoto cha tanuri: nyuzi 92. Moto ulizimwa jana alfajiri ulipofika 1280, kwa hiyo sasa mfuniko unafunguka bila wasiwasi. Tanuri likifunguliwa kwenye nyuzi 200, hewa baridi hupiga ghafla glezi, yaani ngozi ya kioo inayofunika ua, na utasikia maua yakilia ting, ting. Huo ni mpasuko. Mwingine hauonekani siku hiyo, hujitokeza wiki kadhaa baadaye ua likiwa tayari ukutani kwa mteja.

Yametoka maua tisa, na moja limevunjika ncha ya petali. Hili linawekwa kando kwa kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga chombo kwa urushi, utomvu wa mti, kisha kupaka unga wa dhahabu juu ya mshono. Urushi haukauki kwa jua. Hugandishwa na unyevu, asilimia 70 hadi 85 hivi, katika joto la nyuzi 20 hadi 30. Hewa ya Dar es Salaam inayotutesa kwenye udongo, kwenye urushi ni rafiki. Glavu ni lazima, maana utomvu mbichi huwasha ngozi vibaya sana. Gundi ya kisasa iliyopakwa rangi ya dhahabu nayo hushika, lakini mteja aambiwe wazi kwamba hiyo si kintsugi.

Saa 1 asubuhi. Udongo. Mchanganyiko wetu kwa uzito ni kaolini (udongo mweupe wa kaure) 50, felspa (madini yanayoyeyuka motoni) 25, silika (madini ya mchanga wa kioo) 25, na bentonaiti (udongo unaonata sana) 3 juu yake. Kaolini ni ya Pugu, Kisarawe. Ni nyeupe na safi, ila peke yake haina mnato, ukiikunja inakatika, na hapo ndipo bentonaiti inapohitajika. Kilo 5 zinakandwa mara 80 hivi ili hewa itoke na unyevu ulingane. Meza hufutwa kwa kitambaa kibichi. Haifagiliwi kamwe, kwa sababu vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki.

Udongo huu hunywea asilimia 12 kutoka ubichi hadi moto wa mwisho. Kila kipimo hugawanywa kwa 0.88: ua la sentimita 12 linaanza likiwa 13.6.

Saa 2 na nusu. Hapa ndipo asubuhi yote inapoishia, kwenye petali.

Ua moja la tsubaki, yaani kamelia ya Japani, tunalipatia petali sita. Kila petali ni donge la gramu 18 lililopimwa kwa mizani. Linawekwa katikati ya karatasi mbili za plastiki na kubonyezwa kwa dole gumba kutoka katikati kwenda nje, si kwa msukumio wa chapati. Msukumio hutoa unene mmoja kila mahali, na petali ya unene mmoja hufanana na biskuti. Tunataka milimita 4 kwenye shina na milimita 1.5 ukingoni. Ukiinua petali dirishani ukaona kivuli cha kidole kwa mbali ukingoni, imefika. Ikipungua chini ya hapo italala kifudifudi kwenye nyuzi 1280.

Petali inalazwa ndani ya kijiko kikubwa cha mbao ipate mbonyeo, mara moja tu. Kaolini ina kumbukumbu: ukiipinda, ukainyoosha, ukaipinda tena, itakauka imetulia kabisa, halafu ndani ya moto irudie pindo la kwanza.

Umbo la petali ndilo jina la ua. Sakura, ua la mcheri, ana mkato mdogo kwenye ncha, ume, ua la plamu ya Kijapani, ana ncha ya mviringo, na pichi ana ncha iliyochongoka. Mjapani anayajua maua haya tangu utotoni. Ukiweka petali za mviringo ukaandika sakura, umemwonyesha ume.

Kuunga: petali na kitako vyote vimekauka nusu, ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki lakini udongo haupindi. Chakura pande zote mbili kwa mswaki wa zamani, paka uji wa udongo uliolowekwa kwenye siki, kandamiza huku ukitikisa kidogo. Nyufa nyingi za shinani hutokana na kuunga petali mbichi kwenye kitako kikavu, kwani kibichi hunywea zaidi na hujivuta mpaka kikaachia.

Katikati ya kamelia stameni, nyuzi zenye chavua, zimeungana chini kama bomba. Kata utepe wa urefu wa sentimita 12, upana 3, unene milimita 2. Uchane kama kitana kwa kina cha sentimita 2, uviringishe, uuweke. Usizinyooshe nyuzi zote, tatu au nne zikiinama ua linapumua.

Saa 6 mchana. Mgongo. Nyuma ya kila ua tunabandika pete ya udongo ya kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 2.3, yenye matundu mawili ya milimita 4 yanayotazamana. Waya hupita humo, na skrubu hufichika ndani ya pete. Pete ikae sentimita moja juu ya kitovu cha ua. Ikiwa katikati kabisa, ua huinamisha uso au kuzunguka. Kwa nyumba za pwani waya uwe wa chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya hewani hula waya wa kawaida.

Maua mapya yanafunikwa plastiki usiku kucha, kisha siku tatu nusu wazi. Masika ni siku sita. Kingo zikikauka mbele ya kitako, petali hupasuka.

Saa 8. Maua yaliyokwisha kupita moto wa kwanza yanapakwa glezi ya *nuka* (neno la Kijapani, pumba za mpunga), mojawapo ya glezi za jadi za Mashiko, mkoa wa Tochigi, Japani: majivu ya kuni, felspa na majivu ya pumba za mpunga. Sehemu sawa kwa uzito ni mwanzo mzuri. Pumba zina silika nyingi mno, nazo ndizo zinazoleta weupe wa maziwa. Majivu ya kuni hubadilika kila gunia, hivyo kila gunia lina kigae chake cha majaribio. Mililita 100 za glezi zipime gramu 145. Ua linazamishwa kwa sekunde tatu na kugeuzwa haraka, la sivyo glezi hutuama ndani na kuzika stameni. Ukingo wa pete hupakwa nta kwanza ili usigande kwenye rafu.

Saa 10 alasiri. Kupanga oda sakafuni juu ya karatasi ya sentimita 120 kwa 80: maua matatu yaliyochanua, moja nusu, tumba moja. Mteja aliomba saba. Kwa ukuta huu tano zinatosha, na theluthi ya kulia inabaki tupu. Wajapani huuita uwazi huo *ma*, na una kazi yake kama ua lenyewe. Husimuliwa kwamba bwana wa chai Sen no Rikyu alikata maua yote ya asagao, ua la mtambaa linalochanua asubuhi, bustanini kabla ya Hideyoshi, mtawala wa Japani, kufika, akamwachia moja tu chumbani. Tochi inamulikwa kutoka ubavuni kuona vivuli. Vikigongana, maua yasogezwe. Kisha matundu ya skrubu yanawekwa alama na karatasi inasafiri pamoja na maua: keekee ya milimita 6, vichwa vya skrubu vitokeze sentimita 1.2.

Saa 1 usiku. Maua makavu yanaingia tanurini kwa moto wa kwanza, wa nyuzi 1000. Likigusishwa shavuni ua kavu halina ubaridi. Lenye ubaridi linarudi rafuni, maji yaliyobaki ndani yakichemka hulipasua na kuharibu majirani zake. Tumba lina tundu la milimita 2 chini. Mfuniko unaegeshwa juu ya kipande cha tofali cha sentimita 2 mvuke upate njia, na tanuri linabaki nyuzi 80 hadi alfajiri.