Jinsi Mzee Kombo alivyofia kitandani na kampeni yetu ikaendelea

Mezani kwetu tunacheza mchezo wa kuigiza: kila mchezaji ana mhusika wake, mwendesha mchezo anasimulia dunia, dadu zinaamua matokeo, na hadithi ndefu ya vikao vingi tunaiita kampeni. Nilipotaka wahusika hao wazeeke kama watu, nilipewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: achana na umri, hakuna anayeuhesabu. Wa pili: chukua jedwali la uzee la toleo la zamani la mchezo ulipachike. Wa tatu: wapeleke wakakutane na mzuka, wazeeke usiku mmoja. Zote tatu tumezijaribu hapa Dar es Salaam, na zote zimetuharibia vikao. Kinachoniudhi ni kwamba waendesha mchezo wapya bado wanaambiwa hayohayo.

Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, kile kitabu cha 2014, ila dunia yetu ni ya bandari na visiwa, majahazi, wafalme wadogowadogo na majini. Kitabu kinasema mwanadamu hafikishi karne na mwelfi, kiumbe wa kubuni anayefanana na mtu, anaweza kuishi hadi miaka 750, basi. Mpiganaji wa miaka 68 akisimama na wa miaka 20, kwa kanuni wako sawasawa.

Ndiyo maana ule ushauri wa jedwali unavutia. Toleo la 3.5 lilikuwa nalo: mwanadamu akifika miaka 35 anapunguziwa pointi moja ya Nguvu, Wepesi na Ustahimilivu, na anaongezewa moja ya Akili, Busara na Mvuto. Akifika 53 anapunguziwa mbili zaidi na kuongezewa moja, akifika 70 tatu zaidi na moja tena. Ukijumlisha, mwili umepoteza sita na kichwa kimepata tatu. Sasa tazama lilivyofanya mezani kwetu. Mpiganaji wetu, Kombo, alikuwa na Nguvu 18. Uzee ulimshusha hadi 12, nyongeza anayojumlisha kwenye dadu ikatoka 4 ikawa 1, na mtu aliyekuwa ngao ya kundi zima akawa anakosa kila pigo. Mchawi, rika lake, alikuwa na Akili 17. Yeye akapanda hadi 20, ambayo ndiyo kilele cha toleo letu. Wazee wawili wa umri mmoja, mmoja kaharibiwa na mwingine katunukiwa! Aliyecheza Kombo hakulalamika kwa sauti, lakini alianza kuchelewa kuja. Mchawi naye akawa anatuomba turuke miaka mingine kumi. Nikalifuta jedwali lote na kila mtu akarudishiwa pointi zake.

Kuhusu mzuka sina maneno mengi. Anayeshindwa vibaya kuukabili uso wake anazeeka miaka kumi hadi arobaini papo hapo, na kuna uchawi wa kuondoa hali hiyo ndani ya saa 24. Hilo ni jeraha kama majeraha mengine. Uzee ni kitu kinachokuja mtu akiwa anakiona, na huo ndio utamu wake kwenye hadithi.

Ufunguo niliupata kwenye mchezo mwingine, Pendragon, alioutunga Greg Stafford mwaka 1985. Humo kila safari inachukua takriban mwaka, kisha baridi inaingia: mashujaa wanarudi nyumbani, wanaoa, wanapata watoto, na kuanzia miaka 35 wanarusha dadu za uzee. Mhusika akifa, mwanawe anapanda farasi. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, tuna masika. Barabara zinageuka tope, majahazi yanasubiri upepo, hakuna anayesafiri kwa hiari. Kwa hiyo kwetu kila kisa kikiisha masika yanaingia, na mwaka unahesabiwa. Usipofanya hivi usijisumbue na mengine, kwa sababu kampeni ya kawaida inampandisha mtu kutoka daraja la kwanza la uwezo hadi la kumi ndani ya miezi michache ya dunia yao, na kwa mwendo huo hakuna atakayeota mvi. Nilinunua daftari la mistari, la elfu moja na ushee, kila mhusika na ukurasa wake.

Kuanzia miaka 50, kila masika mwanadamu anarusha dadu ya pande ishirini na kujumlisha nyongeza ya Ustahimilivu. Shabaha ni 8, na inapanda moja kila miaka mitano. Akikosa, simpunguzii namba hata moja. Mchezaji mwenyewe anachagua pengo: kitu kimoja ambacho mhusika hakifanyi tena. Kukimbia. Kuona mbali. Kusikia akiitwa kwa nyuma. Na kila pengo linakuja na hiba, yaani kitu ambacho watu wanamfuata yeye kwa ajili yake. Kombo alipoacha kukimbia alichagua kwamba kila bandari ina nahodha aliyewahi kusafiri naye. Mara tu baada ya hapo kundi lilikwama kwa kukosa chombo, na aliyewavusha ni mzee asiyeweza kupanda ngazi ya jahazi bila kushikwa mkono. Yule mchezaji hakuchelewa tena.

Pengo la tano ndilo la mwisho, na hapa ndipo ninapojivunia. Halimuui. Linamwambia mchezaji kwamba masika yajayo hayataonwa na mhusika wake. Ana msimu mzima wa kiangazi mbele, kisa kimoja kamili, na anajua. Mwenye Kombo aliutumia wote kuandaa wasia. Nilimtaka ataje mambo matatu tu: silaha inakwenda kwa nani, deni gani halijalipwa, na jambo gani alilianza hakulimaliza. Deni alilolitaja sikulijua hata mimi mwendesha mchezo, na limetupa visa vya kuchezwa hadi leo.

Mrithi usimtoe hewani siku ya mazishi. Mjukuu wa Kombo, naye anaitwa Kombo, alianza kuonekana babu yake akiwa na pengo la tatu. Alibeba upanga, akapika, akatumwa sokoni. Babu alimfundisha ujuzi mmoja, na ujuzi huo aliingia nao bure, kwa sharti kwamba walisafiri pamoja. Tena usimwanzishe daraja la kwanza kati ya watu wa daraja la tisa. Uchawi wa kawaida wa mpira wa moto unaumiza kwa dadu nane za pande sita, wastani 28, na huyo hafiki pointi 28 za uhai. Mimi namweka madaraja mawili chini ya wenzake.

Mwelfi alitusumbua, kwa sababu masika yake yote ni matupu. Nikampa kazi: yeye ndiye mwenye kumbukumbu. Katika matanga anasimulia tendo moja la marehemu, na mara moja katika kila kisa mrithi anaweza kulitaja tendo hilo, akarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Sasa anaandika kila kitu kuliko mimi.

Kombo alifariki kwake, wanawe wakiwepo, nasi tukacheza matanga kikao kizima. Katikati yake mchezaji wa kuhani akafungua kitabu. Uchawi mkubwa wa ufufuo unakataza waziwazi aliyekufa kwa uzee. Lakini ule mdogo wake, wa daraja la tano, unaotaka almasi yenye thamani ya sarafu 500 za dhahabu, unasema tu asiwe amepita siku kumi. Neno uzee halimo! Almasi alikuwa nayo, na alikuwa analia kweli, akitaka rafiki yake arudi. Ningeweza kukataa kwa amri yangu. Ila uchawi uleule una sharti lingine: roho iwe radhi kurudi. Kwa hiyo sikujibu mimi. Nilimgeukia mwenye Kombo nikamuuliza kama mzee anarudi. Alifikiri kitambo, akasema, "Hapana. Mwambieni rafiki yangu almasi hiyo amnunulie mjukuu farasi." Tangu siku hiyo ndiyo kanuni yetu: anayejibu ni mchezaji wa marehemu, hashauriwi na mtu wala hasukumwi.

Ukiwa na druidi, yaani mhusika mwenye uchawi wa msituni, aliyefika daraja la 18, mhesabie mwaka mmoja wa uzee kwa kila miaka kumi, kitabu kinamruhusu, na umwambie mapema ili wenzake wasione kapendelewa. Kuhani wetu ameshaingia miaka 61 na ana mapengo matatu. Hana mtoto, na mchezaji wake ameuliza kama anaweza kumwachia wasia mwanafunzi wake. Nimekubali, mradi mwanafunzi huyo aanze kusafiri nasi kabla ya masika haya.