Andiko la Kiwanda cha Alizeti Lianzie Ghalani

Mwezi uliopita niliketi juu ya gunia la mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa, katika kibanda cha kukamulia alizeti nje kidogo ya mji wa Singida, nikisoma andiko la biashara ambalo kikundi cha akina mama kilikuwa kimeandikiwa kwa malipo. Lilikuwa na kurasa 34 na jedwali la faida ya miaka mitano. Mashine mpya waliyokusudia kuiombea mkopo ilielezwa hadi rangi yake, ilhali ununuzi wa mbegu ulipewa mstari mmoja tu: jumla ya mwaka, ikagawanywa kwa 12.

Hapo ndipo andiko lilipoanguka, kama yanavyoanguka mengi ninayoombwa kuyapitia. Alizeti ya Singida hupandwa Desemba au Januari na kuvunwa kati ya Mei na Julai, na ni katika miezi hiyo michache ambapo mbegu hujaa sokoni na bei kushuka. Baadaye mbegu hubaki mikononi mwa wenye maghala, nao huiuza wanavyotaka. Kwa hiyo kiwanda kidogo kinachotaka kukamua mwaka mzima hakina budi kulipa karibu fedha zote za malighafi ndani ya majuma machache, kisha kuzisubiri zirudi dumu moja moja. Anayekopa mashine bila kukopa mtaji wa mavuno atakuwa na mashine iliyofunikwa turubai ifikapo Novemba.

Kosa la pili tulilibaini kwa mizani ya kuazima. Andiko lilidai kwamba kila gunia hutoa lita 20 za mafuta. Tulipima magunia matatu tukapata kilo 58, 61 na 66, kwa maana kikundi kilikuwa kikinunua kwa gunia, si kwa kilo. Lile la kilo 61 tulilikamua mbele ya wote: yakatoka mafuta lita 15 na mashudu kilo 42, kilichobaki kilikuwa mashapo, uchafu na unyevu. Kwa hesabu hiyo robo nzima ya mapato ya mafuta iliyoandikwa haikuwapo. Ajabu ni kwamba mashudu, ambayo wafugaji huyafuata pale pale kibandani kwa fedha taslimu, hayakutajwa popote.

Nimejifunza pia kutoandika bei moja ya mafuta. Alizeti yetu hushindana na mafuta ya mawese yanayoagizwa kutoka nje, na ushuru wake unaweza kubadilishwa katika bajeti ya Serikali inayosomwa Juni, yaani wakati ambao ghala linajazwa. Andiko lioneshe iwapo kikundi kitaweza kulipa deni bei ikishuka baada ya mbegu kununuliwa. Lisipoweza kuonesha hivyo, ni afadhali mkopo upunguzwe.

Kikundi kilikusudia kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake hutengewa asilimia 4. Mkopo huo hauna riba, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini marejesho yakianza mara moja mwezi Julai yatalipwa kwa kuuza mbegu zile zile zilizonunuliwa kwa mkopo. Tukaandika ombi kwamba marejesho yaanze Oktoba, tukaeleza sababu kwa jedwali la mwezi kwa mwezi. Gharama za kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tuliziweka mwaka wa kwanza, kwa sababu bila alama hiyo mafuta yao yataendelea kuuzwa barabarani katika chupa za maji zilizotumika.

Mashine mpya tuliiondoa. Ya zamani inahitaji matengenezo tu. Andiko sasa lina kurasa 9. Tulipokuwa tukifunga daftari, mama mwenyekiti aliniuliza, "Mwanangu, na mizani nayo inaombewa mkopo?" Niliiandika mstari wa kwanza.